Vitu vidogo vinaharibika siku moja vyote, nyie mnawezaje kubaki na akili timamu?

MamaBarafu:

Habari za usiku wakuu. Naombeni mawazo na tafadhali msinihamishie mada maana nawajua humu.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Chanika, nauza barafu za ubuyu na maji ya baridi hapahapa nyumbani, wateja wangu ni wanafunzi wa shule ya jirani. Leo asubuhi naamka umeme hakuna, natoka nje naona kwa jirani taa inawaka, kumbe ni kwangu tu, waya wa kule juu kwenye nguzo umeungua. Napiga simu naambiwa subiri mafundi wako njiani. Nikasema sawa, acha nibandike maharage mapema, yameanza tu kuchemka gesi ikakata. Namtuma mtoto mkaa, mkaa wenyewe umelowa kwa hizi mvua za masika, unatoa moshi hauwaki. Mchana nikaenda Gongo la Mboto kwa fundi cherehani kuchukua gauni la sendofu ya mdogo wangu, ni Jumamosi hii, nakuta kitenge kimekunjwa vilevile nilivyokipeleka, hata mkasi hakijaguswa, na fundi anatabasamu ananiambia dada usiwe na wasi. Kurudi daladala ikazima Pugu Kajiungeni, konda akagoma kurudisha nauli, mvua hiyo ikashuka.

Sasa ukiniuliza kimoja kimoja hakuna hata kimoja cha kumliza mtu mzima. Hakuna aliyekufa wala anayeumwa, hilo nalijua. Lakini nimekaa hapa kifua kimebana, mtoto kaniuliza swali la hesabu nikamjibu kama vile yeye ndo kachoma waya, mume wangu dereva wa lori yuko foleni ya mpakani Tunduma kapiga simu nikaona hata kuongea naye sitaki.

Nyie mnafanyaje? Na sitaki majibu ya "ndo maisha". Nataka mtu aniambie anafanya nini hasa palepale kitu kinapoharibika ili kisimharibie na vingine.

Chalii_wa_Mwanga:

Pole sana mama. Kwenye fundi cherehani hapo sina msaada, hiyo ni dunia nzima. Fundi akikwambia Alhamisi hajataja Alhamisi ya wiki gani 😂 Mi siku hizi namwambia sherehe ni wiki mbili kabla ya tarehe yenyewe, na bado nachukua suti asubuhi ya siku hiyohiyo na vifungo nashona mwenyewe kwenye bajaji.

Mtumishi77:

Dada mshukuru Mungu kwa kila jambo. Hivi tunavyoongea kuna watu wamelala Muhimbili na wengine Ocean Road wanatamani shida yao ingekuwa gesi kuisha. Ukitaka kujua shida zako ni ndogo nenda hospitali yoyote saa za kuona wagonjwa, ukae nusu saa tu kwenye benchi. Utarudi umepona.

Sista_wa_Zamu:

@Mtumishi77 samahani kaka najua una nia njema lakini mimi ni nesi, niko wodini miaka mingi, na huu ushauri wa "nenda kaone wagonjwa" unanikera kuliko unavyodhani. Kwanza wagonjwa sio maonyesho. Pili haufanyi kazi. Ungekuwa unafanya kazi sisi manesi tungekuwa watu wapole kuliko wote nchini, sasa muulize yeyote aliyewahi kuja kaunta saa tisa usiku kuuliza kitu.

Na nikwambie kitu kingine ambacho mtu asiyekaa wodini hawezi kukijua. Wagonjwa nao wanakasirikia vitu vidogo. Mtu ametoka kufanyiwa opereshoni kubwa kabisa, siku mbili tatu haongei, halafu asubuhi moja unasikia anagomba kwamba uji hauna sukari, au kuna mtu kachomoa chaja yake. Sisi tukisikia hivyo tunaangaliana tunacheka, huyo anaenda nyumbani wiki hii. Mgonjwa wa kutisha ni yule ambaye unampa uji wowote anapokea. Kwahiyo mama barafu kukerwa na gesi sio dhambi wala sio kukosa shukrani, maana yake bado una nguvu za kutaka mambo yaende sawa.

Sasa swali langu kwako ni la kinesi. Leo umekula saa ngapi? Maana nimesoma stori yako yote, maharage hayakuiva, mkaa haukuwaka, mchana ukaenda Gongo la Mboto, sijaona mahali umekula. Mtu mwenye njaa sukari ya damu ikishuka mwili unamwaga adrenalini na kotisoli ili kuipandisha, na hizo ndizo homoni zilezile za hasira na woga, kwahiyo kifua kubana hapo nusu ni gauni nusu ni tumbo. Tafuta hata chapati na chai jamani ndo uendelee kusoma majibu ya humu.

MamaBarafu:

@Sista_wa_Zamu we dada umenishika 😅 nimekunywa chai ya rangi asubuhi na andazi moja basi. Nimetuma mtoto chipsi sasa hivi.

Mpwani_wa_Likoni:

Mie naona nyinyi hamjaligusa jambo lenyewe. Kimuumacho huyu mama si stima kupotea, ni kupotea kwake yeye peke yake. Kwetu huku Kenya ile Ijumaa ya 25 Agosti 2023 stima ilipopotea karibu nchi nzima mpaka uwanja wa ndege wa JKIA Nairobi ukaingia giza, wallahi mtaani kwetu ilikuwa kama sikukuu, watu nje na viti, watoto wacheza, kila mtu ana mzaha wake. Chakula cha kwenye friji kiliharibika kilekile, hasara ni ileile, lakini hakuna alolala na donge. Zima ya nyumba moja sasa, wewe uko gizani wasikia tivii ya jirani yaongea, hapo ndipo mtu aanza kujiuliza kwani mie nimekosea wapi.

Hata mwaka uliofuata, ile Jumapili ya 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipokatika huko baharini kusini, Kenya, Tanzania, Uganda kote mtandao ukawa wa kubahatisha. Watu walinuna kidogo kisha wakazoea. Lakini bando likiisha lako pekee yako wataka kuitupa simu ukutani.

Kwahivyo mie nikipatwa hujiuliza tu, hili lingewapata mtaa mzima ningekasirika hivi? Kama jibu ni la, basi kilobaki si umeme tena, ni wivu, na wivu nautambua naweza kucheka nao.

Dalali_wa_Mchikichi:

Nimependa ya Mpwani ila mimi naongezea ya kwangu, mimi ni mtu wa biashara Kariakoo na nimeona mtazamo, yaani ile kuona kitu kidogo ni kidogo, unavyokuja na unavyoondoka.

Lile ghorofa lilipoporomoka hapa kwetu 16 Novemba 2024, mitaa ya Mchikichi na Kongo, watu zaidi ya 20 wakafa na wengine wakakaa chini ya kifusi siku kadhaa wanatafutwa, wafanyabiashara tulikuwa watu wengine kabisa. Mtu akikukanyaga anakushika bega anakuomba radhi. Mzigo wa mtu ukichelewa anasema ah, si mzigo tu. Nilidhani tumebadilika moja kwa moja. Haikufika mbali, nikamuona jamaa aliyekuwa analia pale kwenye kamba za uokoaji anataka kupigana na kuli kwa sababu ya mkokoteni kuziba mlango wa duka. Sio kwamba ni mtu mbaya. Nilichojifunza ni kwamba mtazamo unaoletwa na msiba ni wa mkopo, msiba ukipoa unarudishwa. Ndo maana hii dawa ya kufikiria wenye shida kubwa haikai mwilini.

Ninachofanya mimi ni cha kihasibu. Kitu kikiharibika natoa daftari, naandika kimenigharimu nini, hela na masaa, basi. Tufanye ya kwako. Gesi mtungi mdogo, ilikuwa iishe tu, leo au keshokutwa, kwahiyo hasara yake ni kero ya kuishia katikati ya maharage, hela hujapoteza. Nauli ya daladala, mia kadhaa. Gauni bado halijawa hasara, lina siku zake mpaka Jumamosi. Kilichobaki cha kweli ni barafu, hapo ndo kuna hela. Unaona? Ulikuja na mambo matano, kwenye daftari limebaki moja. Na hilo moja ndo linataka akili yako yote, mengine yanakunywea nguvu bure.

Halafu kuna hasara ya pili, hii ndo kubwa kwenye biashara na sijawahi kuona mtu anaiandika. Mteja karudisha simu mbovu, hasara ya kwanza ni hiyo simu. Ukimjibu vibaya ukapoteza na mteja aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni, hiyo ya pili umeilipa mwenyewe kwa hiari. Kwako leo hasara ya pili ni simu ya shemeji kutoka Tunduma. Hiyo bado inarekebishika, mpigie.

Ngunguri:

Naona mnambembeleza tu. Mimi nina tatizo na hizi mada za "kuwa na mtazamo". Nchi hii watu wamekuwa na mtazamo mpaka wamelegea. Umeme umekatika vumilia, maji hayatoki mshukuru Mungu, konda kala nauli samehe, fundi kala advansi cheka. Halafu tunashangaa kwanini mambo hayabadiliki, yatabadilika vipi wakati kila anayekerwa anaambiwa aende akaangalie wagonjwa?

Hasira ya huyu mama kwenye nauli ni ya haki kabisa. Gari halijakufikisha, hela irudi au upakiwe gari lingine kwa nauli ileile, LATRA, wale wasimamizi wa usafiri wa nchi kavu, ipo kwa ajili hiyo, piga picha namba ya gari na ubavu wake. Umeme nao, alipopiga simu alipewa namba ya taarifa? Kama hukupewa piga tena uidai, andika saa uliyopiga. Ukikaa muda mrefu bila huduma unaandika barua kwa mtoa huduma, wasipokujibu au usiporidhika unapeleka EWURA, wasimamizi wa huduma za nishati na maji, utaratibu ndo huo na ni bure. Mkishamaliza kulalamika kwa anayehusika ndo mje kwenye mambo ya kupumua taratibu.

Dalali_wa_Mchikichi:

@Ngunguri hatujapingana mkuu. Mi nimesema andika, wewe umesema andika, tofauti wewe unaipeleka LATRA mi naipeleka kwenye daftari. Kwa nauli ya mia sita sitapoteza asubuhi yangu, kwa umeme nitapoteza. Kila mtu achague vita yake.

Ngunguri:

Sawa, ila wakijua hamna anayepoteza asubuhi yake kwa mia sita, hiyo mia sita wanakula kwa abiria wote kila siku.

Tingo_Mstaafu:

Mama barafu mume wako ni mwenzetu, mimi nimekaa barabara ya Zambia tangu nikiwa tingo mpaka nikashika usukani, acha nikwambie wanaume wa huko wanafanyaje maana umeuliza mtu anafanya nini hasa na naona watu wanakupa falsafa.

Lori likikufia mlimani, tuseme Kitonga, na umebeba mzigo wa tani kama thelathini, ukianza kufikiria bosi, mzigo, foleni itakayotokea nyuma yako, utachanganyikiwa palepale. Kwahiyo kuna mpangilio, hakuna aliyeuandika lakini kila dereva anaujua. Cha kwanza mawe kwenye matairi. Kabla ya kufungua boneti, kabla ya simu, kabla ya kutukana, mawe. Cha pili matawi ya miti barabarani mbele na nyuma ili wenzako wakuone mapema. Hapo sasa gari haliwezi kukuletea balaa la pili. Cha tatu tunapika. Watu wa magari madogo wakipita wanatushangaa, lori limekufa sisi tumewasha jiko tunasonga ugali chini ya tela, wanadhani hatujali. Tunajali sana, ila dereva mwenye njaa akishika spana anavunja bolti. Tukishakula ndo tunaangalia tatizo ni nini, na bosi anapigiwa mwisho kabisa, maana ukimpigia mwanzo atakuuliza maswali ambayo huna majibu na presha yake utaibeba wewe.

Sasa pale mpakani ndo usiseme, foleni inaweza kukuweka hata siku mbili tatu na hakuna cha kufanya, unafua, unanyoa ndevu, unapiga simu nyumbani. Hiyo simu aliyokupigia inawezekana ndo kitu alichokuwa anakisubiri siku nzima, mwambie tu leo mambo yamenizonga, atakuelewa kuliko hata sisi humu.

Kwako wewe mawe ya kuweka kwenye tairi ni lile friza. Hujatuambia umelifanyaje.

MamaBarafu:

@Tingo_Mstaafu nimempigia, tumeongea, kumbe yeye tangu juzi hajasogea hata gari tatu na wala hakuniambia. Ubarikiwe.

Friza sijalifanya chochote, nimekuwa nafungua kila baada ya muda naangalia kama barafu zimeanza kuyeyuka. Limejaa karibu mpaka juu. Umeme bado.

Fundi_Kompresa:

ACHA KUFUNGUA mama. Nimeona hii mada nikawa napita tu ila hapo imebidi niingie.

Friza lililojaa ukilifunga na usiliguse linashika baridi kama masaa 48, likiwa nusu ni kama masaa 24. Friji ya kawaida ndo dhaifu, masaa kama manne tu. Hiyo ni kwa friza ambalo mpira wa mlango unashika vizuri, na kwa joto letu la Dar weka chini kidogo. Kwahiyo kama umeme ulikatika alfajiri, mpaka sasa hivi huenda hujapoteza kitu, kinachokupotezea ni huko kuchungulia, kila ukifungua baridi inamwagika chini inaingia hewa ya moto. Funika na blanketi au magunia juu na ubavuni, halafu kalale. Siku ukiwasha tena nafasi yote iliyo tupu weka chupa za maji, zisijazwe mpaka shingoni zitapasuka, zile zikiganda ndo akiba yako umeme ukikatika.

Kupima mpira, chukua noti, ibane kwenye mlango, funga, vuta. Ikitoka kirahisi mpira umechoka. Zungusha pande zote nne.

Na gesi usisubiri ikate, mtungi umeandikwa uzito wake mtupu pale juu kwenye kola, ukiuweka kwenye mizani ya duka unatoa huo uzito, kilichobaki ndo gesi. Au mwagia maji ya moto ubavuni upapase, panapoanza ubaridi ndo gesi ilipoishia.

MamaBarafu:

Asante sana fundi, nimefunika na magunia ya mkaa uleule uliolowa 🙏 Sasa nauliza, ikitokea zimeyeyuka kweli, nikizigandisha tena zinafaa kuuza?

Sista_wa_Zamu:

Hapo nijibu mimi. Ukifungua ukazikuta bado zina chenga za barafu ndani na ni baridi kabisa, gandisha tena, ladha itapungua kidogo tu. Zikiwa maji matupu na zimepata uvuguvugu usiwauzie watoto, hata ziwe zote. Mwaga. Kipindi hiki cha mvua kuharisha kunakuwa kwingi na shule nzima itajua zimetoka kwa nani.

Fundi_Kompresa:

Sista kamaliza. Mimi la mwisho, mafundi wa nguzo wakija usikimbilie kuwasha friza kwa furaha. Zima kila kitu ukutani, mwambie fundi akupimie volti kabla hajaondoka mtaani kwenu. Inatakiwa icheze kwenye 230, ukiona iko chini ya 200 usiwashe, mwambie arudi juu ya nguzo maana hapo ndo kompresa zinapoungua. Ikiwa sawa washa, na kama huna frijigadi, kile kifaa cha kulinda friji umeme ukiyumba, ukizima usiwashe papohapo, subiri dakika tano. Na ukinunua hiyo gadi nunua dukani penye risiti, za kupanga chini barabarani nyingi ni taa tu ndani hamna kitu.

Chalii_wa_Mwanga:

Fundi samahani, na friji inayonguruma usiku kama pikipiki shida huwa nini?

Fundi_Kompresa:

Iko sawa sakafuni au inacheza? Anzia hapo, isukume kwa mkono, halafu uangalie nyuma kama bomba zinagusa ukuta. Nyingi ni hivyo tu.